Safari ya Jambiani: muda wa kurudi umebadilika

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Jumapili hii mwezi ni mpevu, kwa hiyo ni bamvua, maji hukupwa sana na kujaa sana. Maji yatakupwa kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 jioni. Tukirudi saa 9 kama tulivyopanga, tutaondoka maji ndiyo kwanza yanakaribia kujaa! Basi tunaondoka Darajani saa 1:30 asubuhi kama kawaida, lakini kurudi ni saa 12 jioni.

Asubuhi tutatembea kuelekea kwenye mwamba, maji ya vifundoni, tukiwaangalia kina mama wanaolima mwani. Tafadhali watoto wasikanyage zile kamba na vijiti, ni mashamba ya watu. Kuogelea ni baada ya sala ya alasiri.

1. Mchango: mkubwa 25,000, mtoto 10,000. Mpeni mhazini kabla ya Alhamisi usiku. Humo mna gari, wali wa nazi na pweza.
2. Vijana: mikeka na deli la barafu.
3. Kila mtu: viatu vya kuingilia majini (miiba ipo) na kanga ya kupitia kijijini.

Na wale mlioapa mwaka jana kwamba mnahamia pwani kabisa, mbona bado tunakutana foleni ya mkate Kikwajuni? Njooni tena mkaape.

Naomba kila mmoja aandike "nipo" au "sipo", pamoja na idadi ya watoto, kabla ya Jumatano saa 2 usiku. Dereva anataka kujua alete gari gani.