Mjomba, hilo gitaa usiliuze

Shikamoo mjomba. Mama kaniambia unatafuta mteja wa gitaa, vidole vya mkono wa kushoto vimekakamaa, asubuhi hata kikombe unakishika kwa taabu, na eti umeshawaambia wenzako watafute mtu mwingine wa gitaa la ridhimu, lile la kushika mapigo, kwa sababu umri umeenda na hakuna anayelipa kiingilio kuja kutazama wazee. Naandika hapa hadharani maana najua wazee wengi wa dansi wanaongea hivyo hivyo sa hivi, na pengine yupo mpwa wa mtu atamsomea mjomba wake.

Ile konseti niliyoenda ya Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, pale Hyde Park, London, Jumapili tarehe 3 Julai 2022, picha zake ulishaziona ila picha hazisemi kitu. Ile siyo stediamu, ni bustani kubwa katikati ya mji, nyasi na miti, inaingiza watu 65,000 na watu wanakaa kwenye majani na familia zao tangu mchana. Na mwezi wa saba London jua linazama saa tatu na kitu usiku, kwa hiyo bendi inapanda mwanga bado upo kabisa, kila mkunjo wa uso unaonekana kwenye zile skrini kubwa, hakuna pa kujificha. Mick Jagger mwimbaji miaka 78, Keith Richards wa gitaa la ridhimu 78, Ronnie Wood wa gitaa lingine 75. Mick alifanyiwa upasuaji wa vali ya moyo 2019, na wiki tatu tu kabla ya siku hiyo alipata Korona wakaahirisha shoo ya Amsterdam watu wameshaanza kuingia uwanjani, halafu mtu huyohuyo namuona anakimbia jukwaa lote, anarudi, anaimba, pumzi ipo. Nilisimama mdomo wazi.

Ila mjomba mi nilikuwa namtazama Keith, kwa sababu yako.

Skrini ikavuta mkono wake karibu. Vile vidole vina vifundo kama mizizi ya tangawizi. Ni yabisi ya viungo kama yako, na mwaka 2023 BBC walimuuliza kuhusu hilo akasema hasikii maumivu, na kwamba akifika pahali akaona kitu fulani hakiwezi tena, gitaa lenyewe linamuonyesha njia nyingine ya kukipiga. Nilipoisoma hiyo nilikukumbuka wewe hapohapo. Halafu angalia anavyopiga, uzi wa sita ule mnene kautoa kabisa, zimebaki tano, na kazityuni kutoka mnene kwenda mwembamba G, D, G, B, D, yaani akilaza kidole kimoja tu kwenye nyuzi zote tayari ana kodi kamili, yaani sauti zinazolia pamoja, vidole vingine vinaongeza vionjo tu. Hiyo wala hakuianza uzeeni, alianza mwishoni mwa miaka ya 60 akiwa kijana, lakini mtu mwenye vidole kama vyako anaweza kuichukua leo. Ilipoingia "Honky Tonk Women" unamuona anapiga, ananyanyua mkono, anaacha nafasi besi na drums zipite, anarudi. Wewe ndiye uliyeniambia solo hushangiliwa lakini ridhimu ikinyamaza wachezaji wanarudi kwenye viti. Watu wanaoifuatilia hii bendi kwa miaka wanasema hata Charlie Watts, mpiga drums wao, alikuwa anamfuata Keith, kwamba kule gitaa la ridhimu ndilo linalovuta drums.

Na Charlie ndiyo kitu kingine. Alifariki tarehe 24 Agosti 2021, miaka 80, alikuwa nao tangu 1963. Kabla hawajapiga hata noti moja zikapita picha zake kwenye skrini, watu wakapiga makofi muda mrefu, kisha kwenye drums akakaa Steve Jordan ambaye Charlie mwenyewe, alipoanza kuumwa, alikubali ashike nafasi yake. Najua mjomba. Najua tangu mwenzenu wa drums azikwe umekuwa huendi mazoezini, vidole ni sehemu tu ya habari. Wale wazee walilia yao halafu wakapanda jukwaani na jina lake.

Mbele yangu alikuwepo babu amekuja na kigoda cha kukunja na mjukuu wake wa kike, kakaa muda wote katulia, gitaa la "Satisfaction" lilipolia akampa mjukuu kigoda akasimama, na yule binti anaimba kila neno. Tiketi zile ni pesa ndefu, na vijana walikuwa wengi mno. Kwa hiyo hiyo ya kwamba hakuna anayelipa kutazama wazee mi siikubali. Stones walipiga shoo yao ya kwanza Julai 1962, Msondo, bendi yetu kongwe ya dansi, ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, ni miaka miwili tu hapo katikati, na sijawahi kusikia mtu anasimama kwenye Msondo akasema nirudishieni kiingilio changu mmezeeka.

Siwezi kukuambia ni sawasawa, hapana. Wale wana madaktari, wana ndege, wana watu wa kubeba vyombo, wewe ampli unaipakia mwenyewe kwenye bajaji na kurudi nyumbani saa tisa usiku. Hilo ndilo la kubadilisha. Vijana wa bendi wabebe vyombo, wewe upige raundi ya kwanza tu, ukae kwenye kiti, na kiti kiwe kizuri. Nimeshaongea na mama, pesa ya bajaji naituma mi kila mwezi.

Nyuzi nimempa jirani yenu anayekuja huko wiki ijayo, ni zile nyembamba za namba 9, hazibani kidole kama hizo ulizozoea. Usifunge ule wa sita. Tyuni kama nilivyoandika, laza kidole cha shahada kwenye nyuzi zote, nafasi ya tano ya shingo ya gitaa, piga taratibu, halafu nipigie video Jumamosi mchana nikiwa sina zamu.

Mpwa wako,
London