Jiwe la Babu Lisiandikwe Toungoo

St. Paul, Minnesota

Kaka,

Salaam nyingi. Huku tu wazima; baridi ipo, tuiache. Ujumbe wa hela za jiwe la kaburi la Babu nimeupata, na hela nitatoa. Ila yale maneno ya Baba Mdogo, "Mshindi wa Toungoo 1945", hapana. Tangu arobaini ya Babu tunabishana, na safari hii sirudi nyuma. Kwa habari za Bama, Myanmar ya leo, uliko huo mji wa Toungoo, hapo nyumbani hakuna wa kunifundisha.

Babu alikuwa Keya (King's African Rifles, askari wa Afrika Mashariki chini ya Mwingereza), divisheni ya 11. Walipigana bonde la Kabaw kwenye matope, Desemba 1944 wakavuka mto Chindwin pale Kalewa, na mapema 1945 divisheni ikarudishwa India. Toungoo imechukuliwa tarehe 22 Aprili. Babu alifika kwa ungo?

Walioifungua njia ya Toungoo ni Wakaren, watu wa milima ya huko Bama, ambao wajukuu zao wamejaa mtaani hapa. Divisheni ya 15 ya Wajapani ilikuwa ikiteremka kutoka Loikaw kupitia Mawchi, iwahi Toungoo kabla ya vifaru vya Jenerali Slim wa Waingereza. Barabara ni ya milimani, huku mwamba, huku korongo. Tangu Februari, makomando wachache wa Force 136, kikosi cha siri cha Waingereza, walikuwa wakishushwa kwa miamvuli, na makasha ya bunduki za kuwagawia Wakaren. Chini inawashwa mioto ili rubani aone pa kudondoshea. Wingu likikaa juu ya kilima, ndege inarudi India na mzigo wake. Upepo ukizidi, kasha liko korongoni, na kulitafuta ni siku nzima.

Watu ishirini hawapigani na divisheni uso kwa uso. Wanavunja daraja, au wanaangusha miti kwenye kona, gari la mbele likwame na la nyuma lishindwe kugeuka. Bren, bunduki ya rashasha, inakaa juu, inautazama urefu wa barabara. Sten, rashasha ndogo, zinasogezwa karibu, maana risasi yake ni ya bastola, haifiki mbali. Magazini ya Bren inabeba risasi 30, lakini wazoefu hutia 28, springi isije ikakwamisha. Na Sten ukiiangusha yaweza kujifyatua yenyewe. Mlio mmoja wa mapema, mtego wote umekufa. Wanapiga dakika chache, wanatawanyika, kisha simu ya upepo inaziita ndege zije kwenye yale magari yaliyokwama. Mjapani akitengeneza daraja hili, la mbele limeshavunjwa. Vifaru vikamtangulia Toungoo.

Hasira zake alizimalizia vijijini, na hakuanza hapo. Meja Hugh Seagrim, aliyebaki na Wakaren tangu 1942, alijisalimisha Machi 1944 ili wanakijiji waache kuteswa. Septemba akauawa Rangoon pamoja na Wakaren 7. Sasa Baba Mdogo anataka kuwanyang'anya na jina?

Kalewa inamtosha Babu. Fundi achonge: "Askari wa Keya. Kabaw, Kalewa, 1944." Nipigie picha ya maandishi kabla hajagusa jiwe, hela itaingia siku hiyohiyo.

Mwambie Mama nina hamu na samaki wake wa kupaka. Nazi ya huku ni ya kopo.

Mdogo wako