Nyayo bapa: nani hasa anahitaji soli?

Wazazi wengi wanaofika kwenye karakana yetu ya viatu huja na mtoto wa miaka mitatu au minne, wakitaka tumtengenezee soli za kuweka ndani ya kiatu ili kunyanyua unyayo. Wengi wao huondoka bila kununua kitu. Mtoto wa umri huo kwa kawaida unyayo wake ni bapa: kano zake bado zimelegea, na mafuta yamejaa pale ambapo upinde, yaani mwinuko wa upande wa ndani wa unyayo, utakuja kuonekana. Upinde hujijenga taratibu hadi kwenye miaka 6, kwa wengine hadi 10, na soli haiuharakishi.

Mpime mwenyewe nyumbani. Msimamishe mtoto peku, kaa nyuma yake, mwambie asimame kwa ncha za vidole. Upinde ukijitokeza na visigino vikageuka kuelekea ndani, usihangaike. Usipojitokeza, au mtoto akilalamika maumivu, mpeleke kwa daktari wa mifupa. Huenda mifupa ya nyuma ya unyayo imeungana tangu kuzaliwa, na hilo si la kumaliza dukani.

Sisi tunauza viatu, lakini hili lazima tuliseme: mwaka 1992 watafiti nchini India walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 2,300. Kati ya wanaovaa viatu, asilimia 8.6 walikuwa na nyayo bapa. Kati ya wasiovaa, asilimia 2.8. Viatu vya kufunika vidole ndivyo vilivyoongoza, ndala na makubadhi vikafuata. Kwa hiyo mtoto akirudi shule, mvue viatu acheze peku mahali safi pasipo na misumari wala vigae.

Kwa mtu mzima mambo hubadilika. Wako waliorithi nyayo bapa kwa wazazi wao, wanatembea na kubeba mizigo miaka yote bila maumivu; hao hawaumwi. Tunaowahofia ni wale ambao upinde ulikuwepo, kisha ukaanza kushuka, mara nyingi mguu mmoja. Kuna kano inayotoka nyuma ya ugoko, ikazunguka kifundo cha ndani na kujishika chini ya unyayo. Hiyo ndiyo inayoushikilia upinde. Ikichoka au kuchanika, upinde huporomoka. Huwapata zaidi wanawake waliopita miaka 40, wenye uzito mkubwa, na wenye kisukari au shinikizo la damu.

Huanza na maumivu na uvimbe upande wa ndani wa kifundo. Baadaye, kusimama kwa ncha za vidole kwa mguu huo peke yake hushindikana. Ndiyo maana tunaomba uje na viatu vyako vya zamani: kisigino kikiwa kimelika upande wa ndani, na kimoja kikazidi kingine, tunajua pa kuanzia. Soli ya kuegemeza upinde, kiatu chenye nyuma ngumu na mazoezi ya misuli ya ugoko hupunguza maumivu. Upinde ulioporomoka soli haiurudishi, na anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Mwenye kisukari, mguu mmoja ukivimba na kuwa na moto, hata kama hauumi, usije kwetu kwanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane, kwa hiyo gusa kwa kiganja, linganisha na mguu wa pili, na uende hospitali siku hiyo hiyo.