Barua kwa mwanangu, daktari wa meno Musoma

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu,

Wadogo zako wanakusalimu, na baba yako anasema sato wa Jumamosi wanakungoja wewe. Sisi hatujambo. Naandika kwa sababu ya simu yako ya Jumapili. Ulisema umechoka, kisha ukaniuliza kama duka la vipodozi linalipa. Nimestaafu, lakini uchovu wa chumba cha meno naujua, na hauishi kwa kulala tu.

Kwanza shingo, maana nilikusikia ukiguna. Wewe mfupi, unainama kumfuata mgonjwa alipo. Usimfuate. Kwa meno ya juu mlaze chali kabisa, ainue kidevu, nawe ukae nyuma ya kichwa chake uangalie kwenye kioo. Kwa meno ya chini mwinue kidogo. Mdomo wake uwe usawa wa viwiko vyako, mabega yashuke. Kioo kinaudhi mwanzoni kwa kuwa kila kitu kinageuka, lakini mkono huzoea. Nimeona wenzangu hodari wakiiacha kazi kwa ajili ya mgongo, na hakuna aliyeamini yatamfika.

Halafu ganzi. Ugomvi mwingi wa kwenye kile kiti unatokana na ganzi ambayo haijashika. Foleni ndefu, unadunga haraka, unashika koleo, mgonjwa anaruka, na huyo ndiye unayelala naye kichwani usiku. Vuta bomba kwanza uone kama damu inaingia, kisha sukuma taratibu. Kichupa kimoja kisipungue dakika 1. Kwa gego la chini subiri dakika 5 nzima, umuulize kama nusu ya mdomo wake wa chini imekufa mpaka katikati. Penye usaha ganzi hushika vibaya kwa sababu nyama iliyovimba ina asidi, kwa hiyo usijilaumu mikono. Na zile dakika 5 usizipeleke kwenye simu. Kaa, pumua, muulize habari za Bunda au za kokote alikotoka. Hofu yake ikishuka na yako inashuka.

Sindano iliyotumika usiifunike kwa mikono miwili. Laza kifuniko kwenye trei, ukichote kwa ncha ya sindano, kwa mkono mmoja. Ikikuchoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, utoe taarifa saa ile ile ili dawa za kukukinga na VVU zianze mapema. Zikipita saa 72 umechelewa. Najua watu wanaona haya kuandikwa kwenye daftari, halafu wanakesha wiki nzima na siri. Na chanjo ya homa ya ini B, dozi ya 3 ulishapata? Hukunijibu.

Sasa yule mtoto wa Ukerewe. Ulimtaja ukampita haraka, nikajua ndiye mwenyewe. Miaka 6, magego yanalegea bila tundu hata moja, shavu limevimba upande mmoja. Mwenzako akataka kung'oa, wewe ukakataa, ukaandika rufaa ya hospitali ya Bugando. Ulifanya sawasawa. Ukanda huu wa ziwa wenye malaria ndio wenye ile saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958. Inakua kwa kasi ya kutisha, ndani ya siku chache uso wa mtoto unabadilika, lakini ikiwahiwa huitikia dawa vizuri. Kung'oa yale meno kungempotezea siku ambazo hana.

Ila tangu aondoke hujasikia habari zake, nawe unajitungia za kwako. Piga simu wodini, uliza. Akiwa anaendelea vizuri, utalala. Ikiwa vingine, nipigie hata usiku wa manane, tulie wote.

Na wale wachanga wanaoletwa ufizi umechokonolewa kwa spoku ya baiskeli, eti wana meno ya plastiki yanayowaharisha: mtibu mtoto kuhara kwake kwanza, mama yake usimkaripie. Mara nyingi aliyeamua ni bibi, naye hayupo hapo. Ukimfokea, safari ijayo hatakuja kabisa. Hasira hiyo niletee mimi.

Tafuta mtu wa kazi yetu hapo Musoma mnywe naye chai, umwambie kesi zilizokushinda bila kujipamba. Na kama chakula kimekosa ladha na usingizi umepotea wiki hata wiki, nenda kitengo cha afya ya akili. Nenda kama mgonjwa, ukae foleni, usianze kumweleza daktari dawa za kukuandikia.

Duka la vipodozi tutalizungumza ukiwa umepumzika. Omba likizo yako, mwaka huu hujaigusa. Panda basi la asubuhi, ukifika gonga mlango wa jikoni. Kitasa cha mbele kimekufa na fundi ananizungusha. Kadi ya chanjo uje nayo.

Mama yako