Shemeji na bolingi yake: zawadi za kumchekesha

Milwaukee, Wisconsin

Dada Zuhura,

Shikamoo. Huku wote wazima, baridi imeanza kulegea. Umeuliza shemeji, mpenda bolingi, apewe nini siku yake ya kuzaliwa, na umetaka kiwe cha kuchekesha. Basi umeuliza mji wenyewe: hapa kuna baa iitwayo Holler House yenye njia mbili za bolingi (ule mchezo wa kuviringisha tufe zito kuangusha pini kumi) zilizojengwa 1908 chini ya jengo, na pini zake husimamishwa kwa mikono.

Utani wa shemeji unaruhusu mengi, ila mchezaji hasa hachekeshwi na kikombe kilichochorwa pini. Anacheka ukimgusa panapomuuma.

Panapomuuma kwanza ni mafuta. Njia ina urefu wa mita 18 hivi hadi pini ya mbele, na aghalabu mita 12 za mwanzo hupakwa mafuta ambayo jicho halioni. Tufe huteleza juu yake, likifika pakavu linashika sakafu na kukata kona. Mafuta yakihama kwa sababu ya matufe mengi, mtupo uleule unakwenda kwingine. Kwa hiyo kila anayekosa husema ni mafuta. Mnunulie kitambaa cha maikrofaiba cha sentimita 40 kwa 40, kisha fundi wa Biashara Street hapo Nairobi akidarizi pembeni: “Si mimi, ni mafuta.” Kidariziwe pembeni tu, kwa herufi ndogo, kwani maandishi ya kubandika katikati hayafyonzi kitu. Na kisifuliwe na dawa ya kulainisha nguo. Ile huziba nyuzi, kikawa kinasambaza mafuta juu ya tufe badala ya kuyatoa.

Pili, maji. Soli ya kiatu cha bolingi imetengenezwa iteleze, na tone moja la soda linatosha kuifanya igande ghafla wakati mtu anakimbia na kilo saba mkononi. Hapo ndipo watu huanguka kifudifudi. Tafuta ndara za manyoya zenye sura ya sungura au simba, zilizofunikwa kisigino, saizi tatu juu ya mguu wake, azivae juu ya viatu akienda msalani au kununua chakula. Watu wa ukumbi wa bolingi wa Village Market watacheka, na soli itabaki kavu. Azivue kabla ya kukanyaga sakafu ya kutupia, manyoya yasibaki pale.

Ninayoipenda kuliko zote ni taa ya pini. Pini ni mti wa mepo uliovikwa plastiki, urefu sentimita 38, uzito kilo moja na nusu na kidogo. Zikichakaa kumbi huziondoa, nami nitakutumia moja yenye makovu tumboni, maana makovu ndiyo uzuri wake. Kazi iliyobaki ni ya fundi wako. Abandike utepe wa karatasi kichwani, atoboe kwa kekee ya milimita 3, kisha ya 10, kwenda chini sentimita 6, mwendo wa polepole. Akilazimisha, plastiki inapasuka mpaka shingoni. Holda ya balbu nunua Luthuli Avenue, yenye tundu la waya ubavuni, ili asilazimike kutoboa pini nzima. Nisikutumie ya huku, umeme wetu ni volti 120. Balbu iwe ya LED, wati 5 au 7, isichome plastiki. Kitako cha pini hakifiki hata sentimita 6, kwa hiyo ukiweka kivuli cha taa inapinduka. Aikaze kwa skrubu mbili kwenye ubao wa duara wa sentimita 20, akitoboa kwanza; mti huo ni mgumu, skrubu hukatika ndani.

Straiki (kuangusha pini zote kwa mtupo wa kwanza) tatu mfululizo Wamarekani huziita bata mzinga. Mshonee mdoli wa bata huyo, ukae na wewe, atundikiwe begini siku anapozipata tu. Asipozipata, unarudi nao nyumbani.

Tufe usimnunulie kwa siri. Matundu yake hupimwa kwa mkono wa mtu: upana wa dole gumba na umbali wake hadi vidole vya kati. Yakikosea, dole linavimba na tufe linakwama mkononi. Viatu vilevile, ajaribu mwenyewe.

Nitumie saizi ya mguu wake na jina la anayekuja Nairobi mwezi ujao. Mwambie pini iende kwenye begi la chini, si la mkononi.

Wasalimie watoto na mama.

Mdogo wako,
Salim