Dumas naye aliandika gazetini

Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya vitabu anasema hadithi za gazetini ni za kupotezea muda tu, si fasihi. Hapo simuungi mkono. Mwandishi Mfaransa Alexandre Dumas alitoa riwaya yake Les Trois Mousquetaires (Wapiganaji Watatu) kipande kwa kipande katika gazeti la Le Siècle mwaka 1844. Alilipwa kwa mstari, na ukisoma unaliona hilo: wahusika hujibizana kwa neno moja moja, kila neno na mstari wake! Wakosoaji walimkejeli kwamba anaendesha kiwanda cha riwaya. Msaidizi wake wa kuandika, Auguste Maquet, hata alimpeleka mahakamani. Wengine walimtusi kwa nasaba yake, maana bibi yake alikuwa mtumwa mweusi huko Haiti ya leo.

Waliomfikisha alipo si maprofesa. Ni wasomaji waliorithishana nakala zilizochakaa, kisha sinema ikaja. Alifariki 1870, lakini ni Novemba 2002 ndipo jeneza lake, likiwa limefunikwa mahameli ya buluu, lilipoingizwa Panthéon, jengo la mjini Paris wanamozikwa watu mashuhuri wa Ufaransa.

Basi ule ukurasa wa hadithi wa Jumapili msiuondoe, tafadhali. Mimi huanzia huko.

Msomaji wenu,
Tanga