Kikao cha Alhamisi: dawa za kupunguza asidi wodini

Ndugu wanakikundi, habari za jioni na poleni na majukumu. Kikao chetu cha Jumatano kimesogezwa hadi Alhamisi saa 8:30 mchana, katika chumba kilicho juu ya famasi, kwa kuwa madaktari wetu wawili watakuwa Arusha Jumatano.

Mada ni matumizi ya omeprazoli na dawa za jamii yake kwa waliolazwa. Juzi nilishika faili la mzee aliyeanzishiwa vidonge vya miligramu 20 kwa kiungulia cha siku mbili, akaruhusiwa navyo bila tarehe ya kuacha, na wodini alikuwa akivimeza pamoja na uji, ilhali vinafaa kumezwa nusu saa hivi kabla ya kula. Aliye kwenye mashine ya kupumulia kwa zaidi ya saa 48, au anayetumia aspirini na aliwahi kutokwa damu kwa vidonda vya tumbo, ana sababu ya kupewa. Kulazwa peke yake si sababu. Matumizi ya muda mrefu huhusishwa na upungufu wa magnesiamu na maambukizi ya kuharisha.

1. Kila wodi ilete orodha ya wagonjwa watano wanaotumia dawa hizi, bila majina, ikionyesha sababu na siku ya kuanza.
2. Mchango wa chai, shilingi 2,000, umfikie mweka hazina Jumatano jioni (maandazi yamo).

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Jumatano saa 6 mchana, hata kama hutaweza kufika.